Muulize Fundi wa Tatuu: "Studio nne zimenikataa, nifanyeje?"

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vijana wanaotafuta pa kujifunzia kuchora tatuu. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi. Nyingine nimezijibu kwa kifupi, na moja nimeijibu kwa hasira kidogo, mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 22. Nachora tangu utotoni na kila anayeona michoro yangu anaisifu. Nimepita studio nne kuomba uanagenzi. Mbili waliniambia hawachukui mtu, ya tatu walisema niache namba watanipigia, na ya nne fundi hakuinua hata macho. Picha za kazi zangu zimo kwenye simu, zinapita mia tatu. Sioni nimekosea wapi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hizo picha mia tatu. Fundi akiwa kazini amevaa glavu zenye wino na damu ya mtu. Hawezi kushika simu yako, na wewe hupaswi kutaka aishike. Hata akiwa amepumzika, nani atakaa kuperuzi picha mia tatu za mtu asiyemjua? Ataangalia kumi, na kama ya saba ni mbovu, hiyo ndiyo atakayokukumbuka nayo. Peleka karatasi zenyewe, ndani ya faili safi: michoro ishirini, ikizidi sana thelathini. Mchoro wowote unaousitasita, utoe.

Halafu tuangalie kilichomo. Vijana wengi huniletea sura za watu maarufu zilizotiwa vivuli kwa penseli. Ni nzuri kweli, ila hazinisaidii, maana penseli inafutika. Ninachotaka kuona ni mstari wa kalamu ya wino uliovutwa mara moja, toka mwanzo hadi mwisho, bila kutetemeka wala kurudiwa. Nataka kuona herufi, kwa kuwa wateja wengi wanakuja kuandikwa majina na tarehe, na jina ambalo herufi zake hazikupangwa vizuri hata mtoto ataliona. Nataka waridi, nyoka, mbayuwayu, jambia, fuvu, mkono ulioshika kitu. Hivyo ndivyo vitu vya kila siku vya kazi hii, na vipangwe kwenye ukurasa mmoja kama vile vinavyobandikwa ukutani mwa studio ili mteja achague. Kisha chukua mchoro mmoja uuchore kwa ukubwa wa aina tatu. Wino hutanuka kidogo ndani ya ngozi kadiri miaka inavyokwenda, na mchoro mdogo wenye mistari iliyobanana huishia kuwa doa. Anayejua kupunguza mistari pale mchoro unapokuwa mdogo, huyo namwambia avute kiti.

Sasa tuje kwa huyo fundi ambaye hakuinua macho. Inawezekana ni mkorofi, wapo. Lakini inawezekana pia alikuwa katikati ya mstari, na mstari hauachwi njiani ili kumsalimia mgeni. Ulikwenda saa ngapi? Mwisho wa wiki studio hufurika. Nenda siku ya kazi, mapema, uongee na aliye mapokezi, uulize fundi ana nafasi lini, uondoke. Na usizunguke studio zote kwa siku moja na maneno yaleyale. Mafundi tunafahamiana. Kufikia jioni tutakuwa tumeshaambizana kwamba kila mmoja wetu ndiye "fundi unayemhusudu kuliko wote".

Chagua mmoja au wawili ambao kazi zao ungetamani ziwe zako. Ukijaliwa uwezo, anza kuwa mteja: chorwa kitu kidogo, na siku hiyo usiombe nafasi. Angalia tu. Je, sindano anaifungua mbele yako? Akigusa taa au simu, anabadilisha glavu? Mteja mwoga anamjibuje? Wewe nawe unamchagua.

Unapoomba uanagenzi, unaomba kuazimwa ngozi za wateja wa mtu mwingine, pamoja na jina alilolijenga kwa miaka. Ndiyo maana kipaji peke yake hakifungui mlango. Aliwahi kuja kwangu kijana mwenye michoro ya kushangaza. Alipofika akalitua faili lake kwenye trei yangu, juu ya sindano nilizokwisha kuzifungua. Nikatupa kila kitu na kuandaa upya huku mteja akisubiri. Sikumchukua. Baadaye akaja mwingine, michoro yake ya wastani, mstari unayumbayumba. Akiwa amekaa anasubiri, karatasi ya kufutia ikadondoka kutoka mezani kwangu. Hakuiokota anirudishie, aliuliza, "Hii inatupwa pipa lipi?" Huyo nilimchukua, na mstari ulinyooka kwa mazoezi.

Ujue pia unakokwenda. Miezi ya mwanzo utafagia, utafuta viti kwa dawa, utavisha nailoni waya na chupa, utanakili michoro kwenye karatasi ya zambarau ya kuhamishia, utapokea simu. Utajifunza kuendesha mashine ya mvuke ya kuua vijidudu: nyuzi joto 121 kwa angalau dakika 15, au 134 kwa angalau dakika 3, na jinsi ya kupima mara kwa mara kama kweli inaua au inapasha joto tu. Ndipo utapewa ngozi bandia ya silikoni. Baada ya hapo paja lako mwenyewe. Baada ya hapo rafiki anayejitolea, kitu kidogo, bure, fundi akiwa amesimama nyuma yako. Mwaka mmoja ni haraka, miwili ni kawaida, mitatu si aibu. Muda mwingi wa kipindi hicho hutalipwa, kwa hiyo usiache kazi nyingine inayokulisha. Anayekuja kwangu akiwa ameshaacha kazi ananitia hofu, kwa sababu mwezi wa pili atataka kuchora watu ili apate hela ya kodi.

Na msishangae kwamba tuna milango mizito. Mashine ya umeme ya kuchora tatuu ilipewa hataza mwaka 1891, New York, kwa jina la Samuel O'Reilly, aliyechukua wazo kutoka kwenye kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876. Jiji hilohilo la New York lilipiga marufuku kuchora tatuu mwaka 1961 kwa hofu ya homa ya ini, na marufuku haikuondolewa hadi 1997. Miaka yote hiyo mafundi walifanyia kazi vyumbani, mapazia yamefungwa, wakirithishana ufundi mkono kwa mkono na mtu waliyemwamini. Ufundi uliopita njia hiyo bado una tabia ya kuchungulia kwanza kabla ya kufungua.

Ukipata dakika zako tano na fundi, usimweleze ndoto zako za usanii. Mwambie ni kazi yake ipi iliyokuleta na kwa nini. Mwambie una siku zipi za kuja, kwamba una kazi nyingine ya kukutunza, na kwamba uko tayari kuanza na usafi. Akikataa, muulize nini kimepungua kwenye faili lako na kama unaweza kurudi baada ya miezi mitatu. Urudi kweli, na michoro mipya, hayo aliyoyasema ukiwa umeyarekebisha. Wanaoomba ni wengi mno. Wanaorudi, nikikumbuka vizuri, wote niliwapa angalau kiti cha kukaa na kutazama.

SWALI: Mambo dada! Nimeagiza seti nzima mtandaoni: mashine, wino, sindano. Nimeshawachora washikaji sita hapa nyumbani na hakuna aliyelalamika. Sindano nachemsha vizuri. Kwa kweli nahitaji fundi wa kunifundisha?

JIBU: Acha leo. Usisubiri kumalizia ule mchoro wa mshikaji wa saba.

Maji yakichemka yanafika nyuzi 100 na yanaishia hapo. Kuna vijidudu vinavyovumilia joto hilo na kuendelea na maisha. Lakini hata ungekuwa na mashine ya mvuke, sindano ya tatuu haichemshwi wala haitakaswi. Inatumika kwa mtu mmoja, mara moja, kisha inaingia kwenye kisanduku kigumu cha vitu vyenye ncha kali. Wino nao: ule uliomiminwa kwenye kikombe cha mtu mmoja unatupwa, haurudi kwenye chupa. Sikuulizi kama unafanya hivyo, najua.

"Hakuna aliyelalamika" haina maana yoyote hapa. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili, kwenye damu iliyokauka, kwa siku saba au zaidi. Akiambukizwa mtu leo, dalili zinaweza kuchukua mwezi mmoja hadi sita kujitokeza, na wengi hawapati dalili kabisa. Nenda wewe na hao sita mkaeleze kilichotokea kwenye kituo cha afya, mpimwe homa ya ini B na C pamoja na VVU. Uliza chanjo ya B. Kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Ya C haina chanjo. Ni mazungumzo magumu na rafiki zako, lakini ni yako.

Kuhusu ufundi wenyewe: wino unatakiwa ukae milimita moja hadi mbili hivi chini ya uso wa ngozi. Ukiishia juu mno, unabanduka na magamba wakati wa kupona. Ukizama mno, unasambaa kwenye mafuta ya chini na mstari unaota kivuli cha buluu kisichotoka. Kina hicho hakisomwi kwenye video. Kinasikika mkononi, kwenye mlio wa mashine na namna ngozi inavyojibu, na hubadilika ukitoka mkono kwenda mbavuni. Ndicho hasa fundi anachokufundisha akiwa amesimama nyuma yako.

Mashine usiitupe. Nunua ngozi ya silikoni, uvute mistari iliyonyooka na miduara mpaka ichoshe. Ukienda kuomba nafasi, hizo picha za washikaji zisiwemo kwenye faili. Ukiulizwa kama umewahi kuchora mtu, sema ukweli. Fundi ataujua tu, mikono iliyojifunza vibaya huonekana ndani ya dakika chache.

SWALI: Habari za kazi dada. Fundi mmoja amekubali kunichukua lakini anataka nilipe ada yote kabla ya kuanza. Anasema baada ya wiki sita nitapata cheti na nitaweza kujitegemea. Nilipomwomba tuandikishane alicheka, akasema sisi ni familia. Nilipe?

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Usilipe.

Ada yenyewe si wizi. Kuna mafundi wanaotoza, kuna wanaofundisha bure na wewe unalipa kwa kazi, na kuna wanaokata asilimia kwenye michoro yako ya baadaye. Nimeona watu waaminifu katika makundi yote matatu. Kinachonitisha ni wiki sita na kile kicheko. Familia pia huandikishana, hasa fedha inapoingia.

Karatasi yenu ijibu mambo haya kwa maneno ya kawaida: atakufundisha nini na kwa mpangilio gani, siku ngapi kwa wiki, nani anaamua kwamba sasa unaweza kugusa ngozi ya mtu, ada inalipwa kwa awamu zipi na inarudishwaje mkiachana katikati, michoro unayobuni ukiwa hapo ni ya nani, na ukimaliza unabanwa kumfanyia kazi kwa muda gani na kwa mgawo upi. Hilo la mwisho vijana hulisahau, kisha wanajikuta wamefungwa miaka mitano. Omba pia kuongea na mtu aliyepitia mikononi mwake. Kama hayupo hata mmoja anayefanya kazi hii leo, jibu unalo.

Kuhusu cheti, sheria hutofautiana mno. Jimbo la Oregon, Marekani, linadai saa 360 za mafunzo na michoro 50 iliyokamilika kabla ya kukupa leseni. Ufaransa inadai mafunzo ya usafi ya saa 21, na hakuna anayekuuliza kama unajua kuchora. Kwa hiyo nenda ofisi ya afya ya mahali unapoishi, uulize wao wanataka nini. Usimuulize anayekuuzia cheti.

SWALI: Dada, mimi ni mweusi sana na nataka kujifunza. Fundi niliyemwendea aliniambia kwenye ngozi kama yangu rangi hazikai, ni wino mweusi tu, tena lazima "ukandamize" kwa sababu ngozi nyeusi ni ngumu. Ni kweli?

JIBU: Hii ndiyo iliyonikera.

Wino hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi, na rangi ya asili ya ngozi iko kwenye hilo tabaka la juu. Maana yake tatuu ya mtu yeyote unaiona kupitia rangi ya ngozi yake, kama unavyoona nje kupitia kioo chenye rangi. Kwenye ngozi nyeusi sana, njano hafifu, nyeupe na rangi za mpauko humezwa. Nyekundu iliyokolea, buluu nzito na baadhi ya kijani zinaweza kuonekana vizuri, kutegemea ngozi yenyewe. Njia ya kujua ni kuweka vidoa vidogo vya rangi mahali pasipoonekana na kusubiri pa​pone kabisa. Mchoro nao ubuniwe kwa ngozi hiyo: mistari iliyoshiba, ukubwa wa kutosha, na nafasi nyingi za ngozi iliyoachwa wazi, kwa sababu ngozi tupu ndiyo mwanga wako.

Hilo la kukandamiza ni hatari. Ngozi nyeusi si ngumu kuliko nyingine. Fundi haoni wino ukiingia vizuri, anadhani haujaingia, anarudia mara ya tatu na ya nne, na mteja anaondoka na kovu lenye umbo la waridi. Tena watu wenye asili ya Afrika na Asia hupata zaidi makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, hasa kifuani, mabegani na masikioni. Kabla ya kuwasha mashine unamuuliza mteja kama yeye au ndugu zake huwa wanapata makovu hayo. Akisema ndiyo, unamshauri aache, hata kama umeshasafisha trei.

Tafuta fundi mwenye picha za kazi zilizopona kwenye ngozi nyeusi. Nasema zilizopona, kwa sababu tatuu mbichi iliyopakwa mafuta na kupigwa picha chini ya taa hupendeza kwa kila mtu. Ngozi za silikoni za rangi ya kahawia zipo pia. Fanyia mazoezi hizo.

SWALI: Dada, nina miezi minne chini ya fundi. Anataka nibaki naye studio usiku wengine wakishaondoka, na ameanza kunishikashika. Nikikataa anasema nimekuwa mgumu kufundishika na ndivyo ufundi huu ulivyo. Sitaki kupoteza miezi minne.

JIBU: Mdogo wangu, sivyo ulivyo. Usibaki naye tena peke yako, kuanzia leo. Ujumbe wake wote uhifadhi, mweleze mtu mzima unayemwamini, na kama amekushika bila ridhaa yako, polisi au shirika la kuwasaidia wanawake ndiko kwa kwenda. Chukua michoro yako na vifaa ulivyonunua mwenyewe, mchana, ukiwa na mtu. Miezi minne hiyo unaondoka nayo mkononi. Ukienda kwa fundi mwingine, sema tu kwamba uliondoka kwa sababu za usalama wako. Anayejiheshimu hatakuuliza mara mbili. Wapo mafundi wanawake, wapo na wanaume wanaofundisha milango ikiwa wazi.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa kijana wa miaka 17. Masomo yamemshinda hamu, anachora usiku kucha, na sasa anasema anataka kuwa fundi wa tatuu. Baba yake hataki kusikia. Mimi nauliza tu kama hii ni kazi ya mtu kuishi nayo. Na ameniomba niwe mteja wake wa kwanza, ati amchore mama yake.

JIBU: Shikamoo mama. Ni kazi, na watu wanalea watoto kwayo. Ila kipato chake kinapanda na kushuka, na miaka ya mwanzo ni mikavu. Baba yake ana haki ya kuuliza.

Kwa sasa asiguse mashine. Studio makini haichukui mtu wa chini ya miaka 18 kuchora wala kuchorwa, na ikimchukua, hiyo pekee ni sababu ya kumtoa. Mwaka huu uliobaki amalize masomo, achore kwa kalamu kila siku, ajifunze kuchora mwili wa binadamu, apate chanjo ya homa ya ini B na mafunzo ya huduma ya kwanza. Akija na hayo mkononi atakuwa amewapita wengi wa umri wake.

Ikifika siku ya kutafuta fundi, nenda naye, na baba akikubali aende pia. Ombeni kuona chumba cha kusafishia na daftari la vipimo vya mashine ya mvuke. Fundi wa kweli huonyesha kwa fahari. Akianza kuzungusha maneno, shukeni ngazi.

Na hilo la kuwa mteja wa kwanza, mama, mwambie apange foleni vizuri. Linaanza paja lake.